Kila asubuhi naongoza ibada, nyumbani siwezi kusali

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 47, mkuu wa shule ya sekondari ya kanisa hapa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro. Naomba jina langu na la shule yasitoke. Nina miaka 22 kwenye ualimu, minane ya mwisho nimekalia kiti hiki. Nimeolewa, tuna watoto watatu, tunaishi Goba.

Saa kumi na nusu alfajiri naondoka nyumbani kukwepa foleni. Saa moja na robo tuna ibada ya asubuhi pale paredi, na siku tatu kwa wiki naiongoza mimi. Wimbo, neno, sala, matangazo, wanafunzi wanatawanyika. Nimeifanya kazi hiyo mpaka mdomo unajiendea wenyewe.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kusali kwa sauti kama nilivyozoea tangu usichana. Nikafika mahali nikasikia nasema, "Tunawaombea walimu wetu, wafanyakazi wasio walimu, na wanafunzi wote, wa bweni na wa kutwa." Mume wangu akanijibu kutoka kitandani, "Mama Neema, paredi imeshatawanyika." Tulicheka sana. Yeye akalala. Mimi usingizi haukuja, kwa sababu nilijaribu kutafuta sentensi nyingine ya kumwambia Mungu, sikuwa nayo. Tangu usiku ule sijasali peke yangu. Nikianza tu, naisikia sauti ya mkuu wa shule.

Hilo ningelivumilia. Sasa nikueleze la Mwanaidi, ambalo si jina lake.

Shule yetu ina utaratibu wa wastani. Asiyefika 50 mwisho wa kidato cha tatu, mzazi anaitwa na "kushauriwa" amhamishe mtoto. Neno kufukuza hatuliandiki popote. Sote tunajua ni kwa ajili ya matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani, NECTA, walipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, Januari 2023, nilidhani tutapumua. Wapi! Matokeo yakitoka, wazazi wanayachambua wenyewe, na kabla ya jioni orodha iko kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Mwenyekiti wa bodi hunitumia picha ya orodha hiyo bila neno hata moja.

Desemba iliyopita walikuwa tisa. Mwanaidi alipata wastani wa 46. Ni binti wa Kiislamu, na wa aina yake tunao wengi tu. Hesabu zinamshinda, lakini Kiswahili na Historia yuko vizuri, na sijawahi kuletewa kesi yake ya nidhamu. Mama yake anakaanga samaki Kimara Suka: alfajiri anawafuata soko la Feri, jioni anauza. Ada analipa vipande vipande, ila hajawahi kuvusha deni kwenda muhula mwingine. Siku alipomleta kidato cha kwanza aliniambia, "Nimemleta kwenu kwa kuwa nyinyi ni watu wa Mungu, mtoto hamtamtupa."

Nilipomwita alikuja na bahasha ya risiti zote za miaka mitatu. Alidhani ameitiwa ada. Akazitoa moja moja, akazipanga mezani kwangu kwa kufuata tarehe, nyingine zimeingia mafuta mpaka wino umefifia. Nilimwacha azipange zote kwa sababu sikujua pa kuanzia. Nilipomweleza hakubisha. Aliuliza tu, "Kwani amefanya kosa gani?" Nikasema hajafanya kosa, ni utaratibu wa shule. Akazikusanya risiti, akaweka saini nilipomwonyesha, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante mwalimu. Tuombee."

Nikamjibu, "Nitawaombea."

Sikuwaombea. Kesho yake ilikuwa ibada ya kufunga muhula na mimi ndiye niliyekuwa na neno. Nilikuwa nimeliandaa wiki mbili kabla: yule kondoo mmoja aliyepotea, na mchungaji aliyewaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta. Nilihubiri vizuri, Mwalimu. Watu walifuta machozi. Mchungaji wa usharika alinipongeza mbele ya wazazi.

Kuna lingine dogo, la pembeni. Tangu Septemba makato ya walimu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yanakatwa kwenye mishahara lakini hayapelekwi, fedha zilikwenda kumalizia bweni. Mwalimu mmoja mjamzito alikwenda kuulizia mafao ya uzazi, akaambiwa michango yake ya karibuni haionekani. Kwenye kikao cha walimu nilifungua kwa sala, nikamwomba Mungu atujalie moyo wa uvumilivu. Mwalimu wa Fizikia aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilimwelewa.

Shule imefunguliwa, tuko wiki ya pili. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika, iko kwenye droo. Rafiki yangu anasema hili ni jaribu la shetani, nifunge siku saba. Mume wangu anasema ni uchovu, niombe likizo. Nimekuandikia wewe kwa sababu ulikuwa mkuu wa shule, na kwa sababu dini yetu si moja, hivyo hutaniambia maneno ambayo mimi mwenyewe huwaambia watu.

Je, mtu ambaye imani imemkauka ana haki ya kuongoza shule ya kanisa?

Mkuu wa shule, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Rafiki yako anasema shetani, mume wako anasema uchovu. Mimi nasema ni zile risiti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimtafuta mtu aliyepoteza imani, nikamkosa. Aliyepoteza imani hajali akisikika kama mkuu wa shule mbele ya Mungu wake, na wala halali macho kwa ajili ya "Tuombee" ya mama muuza samaki. Nilichokikuta ni mwalimu anayedaiwa, anayemwendea Mungu kila asubuhi kuzungumza mambo mengine kabisa.

Kwa kuwa umesema dini yetu si moja, niseme na mimi la kwetu. Tangu madrasa tunafundishwa kwamba baya alilolitenda mtu kati yake na Mola wake lina mlango wake wa toba, lakini haki ya mja mwenzako hairukwi. Irudishe kwa mwenyewe, au mwenyewe akusamehe. Unaweza kusimama usiku kucha unasali, haki ya mtu iko palepale inakusubiri kukuche.

Na kwenu lipo. Nilianza sekondari shule ya misheni, kabla serikali haijazichukua kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kipindi cha dini sisi vijana wa Kiislamu tuliruhusiwa kutoka nje, lakini nje kulikuwa na jua, tukawa tunabaki karibu na dirisha tunasikiliza. Ndipo nilipomsikia yule mtu wa kwenye Injili ya Mathayo aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Akaambiwa aiache sadaka palepale, aende wakapatane kwanza, ndipo arudi kuitoa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na kilichonisumbua ni nani angeilinda ile sadaka na kuku. Maana yake niliipata ukubwani, kwa gharama.

Wewe umekuwa ukirudi madhabahuni siku tatu kila wiki, unajua kabisa ni nani ana neno juu yako na anakaa wapi. Halafu unashangaa sala haipandi. Ingekuwa inapanda vizuri baada ya siku ile, hapo ndipo ningekuogopa.

Miaka ya themanini nilipangiwa kazi Bukoba. Wazee wa Uamsho wa Kikristo, ule ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukavuka mpaka kuja Kagera, wengine walikuwa bado hai. Nikueleze ukweli, sikuwapenda. Walikuwa na maneno mengi, na walipenda kumuuliza mtu habari za roho yake mbele ya watu. Lakini kwa jambo moja niliwavulia kofia. Mtu wao akitubu, unakutana naye njiani amebeba kitu anakirudisha. Mzee mmoja alikuja ofisini kwangu na bati tatu kichwani, zimeshika kutu pembeni. Alizichukua shuleni miaka mingi kabla sijafika. Aliziweka chini, akasema ni za shule, akaomba niziandike. Nilifungua leja ya stoo nikaziandika: bati tatu, zimerudishwa. Hakusubiri nimsifu. Nadhani alikuwa ameshamaliza kuongea na Mungu wake huko njiani.

Sasa bati zako ni zipi?

La kwanza ni Mwanaidi. Hebu tuache dini kidogo, tuseme hesabu, maana hapa ndipo uliponikera. Mtoto ana wastani wa 46. NECTA hao hao mnaowaogopa, kwao alama C inaanzia 45, na D inaanzia 30. Yaani mmemtoa mtoto ambaye kwa kipimo cha taifa yuko kwenye C, kwa sababu kipimo chenu kinasema hafai. Hicho 50 alikiweka nani? Kiliwekwa kikao gani? Ninavyozijua bodi, ukienda kutafuta muhtasari utakuta hakuna, kuna mtu tu aliwahi kusema na wengine wakatikisa kichwa. Wizara imekwisha kuzikemea shule zisizo za serikali kwa mchujo wa namna hii, na wewe unajua, ndiyo maana mnaandika "kushauriwa".

Mimi si malaika. Mwaka 1994 nikiwa mkuu wa shule ya serikali hapahapa Dar, nilimrudisha nyumbani kijana wa kidato cha tatu kwa sababu ya mchango wa madawati. Nilisema arudi na fedha au asirudi. Hakurudi, na mimi sikumfuata. Miaka ikapita, nikapanda daladala ya Mwenge kwenda Posta, nampa konda nauli, anairudisha mkono wangu. "Wewe shuka tu, Mwalimu." Nikamtazama vizuri, ni yeye. Mpaka leo sijui kama aliniheshimu au alinifukuza garini. Nilishuka Palm Beach nikatembea kwa miguu. Nilikuwa na nafasi ya kumfuata 1994, alikuwa anakaa Manzese na nilijua nyumba. Wewe nafasi hiyo bado unayo, muhula una wiki mbili na majina ya watahiniwa hayajafungwa.

Kwa hiyo utakwenda Kimara Suka. Nasema utakwenda, maana kumwita tena ofisini ni kumpandisha yule mama gari mara ya pili kwa kosa lako. Usimtume matroni, usitume ujumbe wa simu, na tafadhali usiende na mchungaji. Ukifika anza na neno "nilikosea", maelezo yafuate kama atayataka. Usimwombe akusamehe hapohapo. Akina mama wetu wakiombwa msamaha na mtu mwenye cheo husamehe haraka kwa adabu tu, na utaondoka umebeba msamaha ambao haujaiva. Mwambie nafasi ya mtoto ipo, kiti chake kipo, na kwamba utampangia masomo ya ziada ya hesabu bila malipo. Kama binti ameshapata shule nyingine na ametulia, usimvute. Muulize yeye mwenyewe, ana miaka kumi na saba, ana kauli. Akisema habanduki huko alikokwenda, wewe hakikisha karatasi zake zote zimetoka bila kuzungushwa, umalize hapo.

Wale wengine wanane nao wana wazazi. Najua umeniandikia wa Mwanaidi kwa sababu ya ile mikono miwili. Wengine pengine waligombana na wewe ofisini, wakakusaidia usiwafikirie. Wapigie nao.

Hilo la NSSF uliloliita dogo la pembeni, mwanangu, silo dogo na wala haliko pembeni. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara kati ya mwajiri na mfanyakazi, na ile sehemu iliyokatwa kwenye mshahara wa mwalimu ilikwisha kuwa mali yake. Bweni lenu limejengwa kwa mkopo ambao mkopeshaji hakuulizwa. Mkaja mkamwombea uvumilivu! Yule mwalimu wa Fizikia ana roho nzuri, mimi ningetoka nje. Mwite mhasibu wiki hii, aandae ratiba ya kulipa malimbikizo mwezi kwa mwezi, bodi iisaini, na nakala ibandikwe ofisi ya walimu. Wa kwanza kulipiwa awe yule mjamzito, maana mimba haingoji kikao.

Bodi watakuuliza. Ukienda kwao usiende na mahubiri, kwenye bodi ya kanisa kila mtu anajua kuhubiri kukuzidi. Nenda na daftari. Andika majina ya wote waliotolewa kwa wastani katika miaka yako minane, shule walizokwenda, na walichopata kidato cha nne. Matokeo yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, ni kazi ya jioni mbili. Mimi nilipofanya zoezi la namna hiyo kwa vijana wangu, nilimkuta mmoja anafundisha chuo. Weka na ada ya watoto tisa ubaoni, mwenyekiti ataelewa lugha hiyo kabla ya nyingine. Kisha sema wazi kwamba barua ya namna ile hutaisaini tena. Sema kwa upole, na iingie kwenye muhtasari.

Wakikataa? Hapo ndipo utafungua droo. Kabla ya hapo iache barua ilale. Kuna watu huacha kazi kwa sababu wanajua wanakokwenda. Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, shule ya Kanisa, na mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya darasa na siasa aliacha kazi na mshahara wake, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine inamngoja. Wewe ukiondoka leo unakwenda wapi zaidi ya Goba? Na kiti hicho atakalia mtu atakayesaini barua tisa nyingine Desemba ijayo, alale fofofo. Kama itafika siku ya kuitoa, isome tena kwanza. Nina hakika umeandika "sababu za kifamilia". Chana, andika sababu yenyewe.

Sasa swali lako, kama aliyekaukiwa imani ana haki ya kuongoza. Kukauka kwenyewe sikuhesabu kuwa dosari ya kazi. Zaburi mlizonazo zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini atawaficha uso wake, na maneno yao hayakutupwa, yaliwekwa humohumo mnamosomea ibada. Shule inaweza kuongozwa na mtu ambaye mwezi huu haoni kitu, mradi mkono wake hauandiki kinyume na mdomo wake. Ungeniuliza kama mtu anayesaini barua ile ana haki ya kuhubiri habari za kondoo, ningekujibu tofauti.

Ila ile paredi ningekuomba uiachie kwa muda. Siku tatu kwa wiki ni nyingi mno. Wagawie walimu, wagawie viongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, vijana wale wanajua kuomba na hawajachoka. Wewe simama nyuma kabisa, pale wanaposimama wachelewaji, usikie wenzako wanavyosema "Mungu". Watakaouliza waambie unapumzisha koo.

Mimi nasali alfajiri msikiti wa jirani hapa Magomeni. Kulia kwangu husimama kijana wa bodaboda, kushoto muuza kahawa, bega kwa bega, na hakuna kati yao anayejua kwamba niliwahi kuwa na ofisi na kengele. Anayejua ni imamu tu, nilimfundisha Jiografia na hakuipenda. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikuwa nikisimama pale najiona bado niko mbele ya watu. Ilichukua muda kuondoka. Wewe nenda kwenye jumuiya ambayo si ya mtaa wa shule, hata kama ni mbali, ukae kwenye mkeka, wakikupa neno la kufungua kikao kataa. Zaidi ya hapo nawaachia wachungaji wako, mimi si mwenyeji huko.

Kuhusu ile sala ya usiku, wala usihangaike kutafuta sentensi. Kuna moja unadaiwa tangu Desemba, ulimwahidi mtu. Taja jina la binti na jina la mama yake, basi, ulale. Wafanyakazi wasio walimu waache mpaka Jumatatu.

Kimara nenda Jumamosi, na ufike kabla ya saa tisa alasiri. Baada ya hapo mafuta yatakuwa motoni, wateja wameanza kujipanga, na hatakuwa na nafasi ya kukusikiliza.

Mwalimu mstaafu, Magomeni